Osiep Alijua Kabla Yangu

Mama,

Nimeanguka mbele ya watoto. Naliandika hilo kwanza, hata kabla ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka zunguka na mwishowe nitakunja karatasi bila kulisema.

Ilikuwa asubuhi, somo la hesabu, darasani kwangu Gredi ya Nne. Nilianguka kati ya ubao na dawati la mbele. Wanafunzi wote waliniona, halafu mwalimu mkuu, halafu wapishi, halafu akina mama waliokuwa wanapita na ndoo zao barabarani wakasikia mayowe. Kile tulichokificha mimi na wewe tangu utoto wangu sasa kinazungumzwa hadi sokoni Rongo. Naona aibu, Mama. Naiona nikinunua nyanya. Naiona nikiitikia salamu. Naiona hata nikiwa peke yangu, mlango umefungwa.

Wacha nikueleze vile ilivyokuwa, tangu ulipotuacha.

Baada ya mazishi, kaka Owino alitaka Osiep abaki kule Muhuru Bay. Alisema mbwa wa ufuoni hakosi vichwa vya samaki. Lakini Osiep hakwenda ufuoni. Alilala mlangoni kwako, pale ulipokuwa ukikaa kuchagua dagaa wako wa omena, na leso yako aliibeba kwa meno kutoka kwenye kamba akailalia. Kila jioni ilipokaribia saa yako ya kurudi, alisimama njiani, akatazama upande wa ziwa, akangoja. Giza likiingia alirudi. Kesho yake tena. Sikuweza kumwacha hivyo. Nikamwomba dereva wa pikapu ya samaki atubebe, tukasafiri mimi na yeye katikati ya masanduku ya barafu mpaka Rongo. Kaka alinicheka. Alisema, "Mwalimu mzima unahama na mbwa?"

Yeye hakujua. Kwake Osiep alikuwa mbwa wako wa kulinda omena. Ni mimi na wewe tu tuliojua kazi yake nyingine.

Unakumbuka ile mara ya kwanza? Alikuwa bado mdogo, masikio makubwa kuliko kichwa. Nilikuwa napepeta mahindi, akaja akasukuma pua yake kwenye magoti yangu, akanilamba viganja, akalia ile sauti nyembamba kama mlango unaohitaji mafuta. Nilimfukuza akarudi. Nilipoanguka, yeye ndiye aliyekuwa karibu. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu ulikuwa umeshaelewa. Ukaniambia, "Kaa chini, nyathina, mwanangu. Osiep amesema." Na kukiwa na wageni ulikuwa unacheka, unawaambia, "Huyu mbwa ana wivu tu, hataki msichana wangu azungumze na watu." Wageni nao wanacheka. Halafu unanishika mkono, unaniingiza chumba cha ndani, unafunga mlango. Nikiamka, kichwa changu kiko pajani kwako na redio imefunguliwa kwa sauti kubwa ili nje wasisikie kitu.

Ulikuwa unanilinda. Ulikumbuka shule yangu ya kwanza, vile wasichana walivyokataa kunywa kwa kikombe changu. Ndiyo maana dawa tulikuwa tukizifuata Homa Bay, mbali kote kule, ambako hakuna aliyetujua. Jirani akiuliza, unasema tunaenda kumwona shangazi. Mimi sina shangazi Homa Bay! Na hata siku zako za mwisho, pumzi ikikatika-katika, ulinivuta ukaniambia, "Usimwambie mtu. Wakijua, wataona ugonjwa, hawatakuona wewe." Nikakuahidi.

Nimeivunja ahadi hiyo. Ndiyo sababu naandika.

Wiki ile nilikuwa nasahihisha mitihani na silali vizuri. Dawa nilikuwa nakunywa, usinidhanie vibaya. Asubuhi ya siku ile nikiwa nafunga viatu, Osiep akaja na pua yake. Akanilamba viganja. Nikajifanya sikuelewa. Akaenda akajilaza kizingitini, mwili wote, nisipite. Mama, nilielewa. Ungekuwepo ungeniketisha. Lakini nilifikiria watoto wananingoja, nikafikiria nitamwambia nini mwalimu mkuu, kwamba mbwa amenikataza kuja kazini? Nikamfunga kamba kwenye nguzo ya jikoni, nikaenda.

Alikata kamba kwa meno. Niligeuka kutoka ubaoni nikamwona amesimama mlangoni mwa darasa, kipande cha kamba kinaning'inia shingoni. Watoto wakashangilia. "Madam, mbwa wako amekuja kusoma!" Niliona aibu. Hebu fikiria, niliona aibu ya mbwa. Nikamfokea atoke. Yeye akaja moja kwa moja, akauma pindo la sketi yangu, akavuta kuelekea chini, polepole, kama mtu anayekuomba uketi. Nikachukua rula ndefu ya ubao nikampiga mgongoni. Nikampiga tena. Hakunguruma. Hakuachia sketi. Halafu nikasikia ile ladha ya chuma mdomoni, unayoijua.

Mengine nilisimuliwa na Awino, msichana wa dawati la mbele, yule mwenye maswali. Watoto waliona Madam anatetemeka chini na mbwa ameshika nguo yake, wakapiga mayowe kwamba mbwa anamuua Madam. Wavulana wakubwa wakaja mbio kutoka uwanjani wakiwa na mawe. Osiep alikuwa ameweka kichwa chake tumboni kwangu. Mbwa yeyote hukimbia akirushiwa mawe, hata wewe unajua. Yeye hakukimbia. Jiwe moja lilimpata jicho la kushoto. Awino anasema alilia mara moja, akafunga jicho, akabaki pale pale mpaka mimi nilipoanza kusogeza vidole. Ndipo akaondoka, akaenda kujificha chini ya tangi la maji.

Mimi niliamka sketi ikiwa imelowa, na si kwa maji. Mpishi alikuwa amenifunika aproni yake. Madirishani kulikuwa na nyuso, nyuso, nyuso. Mtu mmoja nje alikuwa anasema, "Msimguse, hilo povu linaambukiza." Mwalimu mkuu alikuwa amenishika mkono.

Daktari wa mifugo alilisafisha jicho la Osiep, lakini hakuweza kuliokoa. Limefungika kabisa. Kila akinigeukia kwa upande ule naona jicho lililofungwa kwa siri yangu.

Basi maneno yakaanza. Wengine walisema Osiep ni mbwa wa marehemu, ameleta kifo kutoka kwa nyumba yako. Wengine walisema ana pepo, alimvuta mwalimu chini kwa pepo lake, si watoto waliona kwa macho yao? Wazazi wakafika ofisini wakitaka auawe. Mwalimu mkuu akaniita. Ni mwanamke mpole, mama mtu mzima. Akafunga mlango akaniambia, "Mwalimu Akinyi, mimi sitaki kuuliza mambo ya mwili wako. Ukiniambia ilikuwa njaa au kizunguzungu, nitawaambia hivyo, na yatakwisha. Lakini mbwa itabidi aondoke."

Aliniwekea mlango wazi, Mama. Wewe ungeniambia nipite hapo. Na ningepita. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema njaa. Lakini kama ilikuwa njaa, basi mbwa alikuja kuniangusha bure, na wangemuua, na mimi ningekuwa nimenyamaza mara ya pili huku yeye akipigwa. Nikasema, "Naomba kipindi kimoja na watoto. Nataka kuwafundisha jinsi mbwa anavyoijua dunia." Akakubali, mradi mbwa asiingie darasani na yeye mwenyewe awepo.

Nilisoma kila nilichoweza kupata. Nilitaka nisiseme uongo hata kidogo.

Tulikaa nje, kwenye nyasi karibu na geti, Osiep kwa kamba miguuni pangu. Watoto walikaa mbali. Waliniangalia mimi kuliko walivyomwangalia mbwa. Nikawauliza, "Ukiingia jikoni jioni, unasikia harufu ya nini?" Wakajibu kwa sauti ndogo, "Samaki." Nikawaambia mbwa haishii hapo. Yeye husikia samaki peke yake, nyanya peke yake, kitunguu peke yake, kuni, sufuria, mkono uliopika, na paka aliyepita hapo jana akidhani hajulikani. Mmoja akacheka. Nikapata nguvu kidogo.

Nikawaonyesha pua. Nikawaeleza kwa nini huwa na majimaji: harufu hunata hapo kama vumbi linavyonata kwenye mguu uliotoka kuoshwa. Nikawaonyesha ile mipasuo midogo pembeni mwa matundu. Pumzi anayotoa hupitia pembeni, ili isisukume nje harufu mpya inayoingia mbele. Wakaanza kusogea. Wakaanza kushika pua zao wenyewe wakitafuta mipasuo. Nikawaambia sweta zao nyekundu, kwa macho ya mbwa, ni rangi kama ya tope, lakini chupa ya bluu ya Awino anaiona vizuri. Hapo walikasirika kweli, kwamba sweta zao ni tope! Nikawaambia masikio yake husikia sauti nyembamba ambazo sisi hatuna habari nazo, hata panya akiongea na wenzake ndani ya ukuta.

Halafu nikawaambia juu yako. Nikasema mama yangu alipokuwa hai, huyu mbwa alijua saa yake ya kurudi. Hakuwa na saa. Wako wanaofikiri kwamba mtu akitoka nyumbani, harufu yake hubaki na hufifia kidogo kidogo, na mbwa hujifunza kwamba ikifika udhaifu fulani, mwenyewe yuko njiani. Inawezekana ndivyo Osiep alivyofanya. Nikataka kuendelea, nikaishia hapo, nikishika kamba ya Osiep. Kwa sababu nilimwona njiani kule Muhuru, anangoja, na harufu yako inazidi kufifia, inapita pale ilipozoea kuishia, na hufiki.

Mwalimu mkuu ndiye aliyeniokoa. Akasema, "Wacha tumjaribu tuone." Tukachukua sweta ya Awino, Awino akaenda kujificha nyuma ya kuni za jikoni. Osiep akanusa sweta. Nikamwachia. Unajua alienda wapi kwanza? Alienda kwa mvulana mwenye chapati mfukoni, akamkalia mbele kama askari. Watoto walianguka kwa kicheko, na mimi pia, kicheko cha kwanza tangu siku ile. Lakini upepo ulipobadilika, akainua kichwa, akashusha pua chini, akaenda akigonga gonga vitu kwa upande wa jicho bovu, mpaka nyuma ya kuni. Tukasikia Awino anapiga kelele, "Amenipata!"

Mtoto mmoja akauliza, "Kwani huona kwa pua?" Nikasema ndiyo, karibu ni hivyo.

Ndipo Awino, akiwa bado amemshika Osiep shingoni, akauliza lile swali. "Madam, kwa hivyo siku ile alinusa nini?"

Mama, hapo ndipo nilipokusaliti. Nilisikia sauti yako kabisa, usimwambie mtu. Nikaangalia chini. Nikasema, "Alinusa ugonjwa wangu. Mimi nina kifafa."

Nikawaeleza kwamba ndani ya kichwa ubongo husema na mwili kwa umeme mdogo mdogo, na wangu wakati mwingine husema yote kwa pamoja, kama darasa lisilo na mwalimu. Kwamba si pepo, na povu haliambukizi, na kikombe changu hakina neno. Kwamba kabla sijaanguka, huenda jasho langu na pumzi yangu hubadilika. Mimi mwenyewe sisikii kitu, lakini pua ya Osiep husikia. Nikawaambia si mbwa wote wanaoweza, na wataalamu bado wanatafuta ni harufu gani hasa. Nikawafundisha la kufanya: mlaze mtu ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kitu mdomoni, kaa naye, na akikawia kuacha kutetemeka, mkimbilie mtu mzima ampeleke hospitali.

Mmoja wa wale wavulana wakubwa alikuwa amesimama nyuma, nje ya uzio. Sikujua alikuwa anasikiliza. Akauliza, "Kwa hivyo tulimpiga mawe na alikuwa anakusaidia?"

Nikamjibu, "Ninyi hamkujua. Mimi nilijua."

Sijawahi kusema sentensi nzito kama hiyo. Yule mvulana aliachia uzio akaondoka. Osiep naye alikuwa ameinamisha kichwa na kulaza masikio, na mtoto mmoja akasema, "Angalieni, hata yeye anaona aibu." Nikamweleza kwamba hapana. Mbwa akiinama hivyo mara nyingi anasoma uso wako na sauti yako, anajua kuna uzito, anataka uishe. Hayo yalitoka kitabuni. Lakini nilipokuwa nayasema nilijisikia nimesimama uchi, kwa sababu hii aibu yote niliyokuwa nimembebesha haikuwa yake. Siku ile alipolala juu yangu, nguo yangu ikinuka, mdomo wangu ukitoa povu, kwake hiyo ilikuwa habari tu. Akinyi yuko hapa, Akinyi bado anapumua.

Usifikiri mambo yalinyooka. Mzazi mmoja alimhamisha mtoto wake. Mama wa duka ninakonunua mkate huniwekea chenji juu ya kaunta ili tusigusane. Wazazi walikubali Osiep aishi, lakini asikanyage shuleni, kwa hiyo hunisindikiza mpaka getini na kulala chini ya mti wa mlinzi, na akinizuia nisiingie, ninarudi nyumbani. Mwalimu mkuu ameruhusu hivyo. Ilishatokea mara moja. Nilirudi nikaketi, kama ulivyokuwa unaniambia, na nilipoamka alikuwa amelala juu ya miguu yangu. Chumba kilikuwa kimya. Sikuwasha redio.

Na kaka Owino alipiga simu. Alikuwa amesikia. Akauliza, "Kwa nini mlinificha mimi?" Swali hilo nakupa wewe, Mama. Ulikuwa na jibu? Nimekukasirikia kidogo kwa hilo. Halafu naona aibu kukukasirikia, wewe uliyenishika kichwa miaka yote. Sijui niyaweke wapi haya mawili.

Lakini hili ndilo nililotaka ulijue zaidi. Jumamosi mwanamke alikuja nyumbani kwangu, hatujuani, anauza mboga upande wa pili wa mji. Alikuwa na msichana mwenye kitambaa kikubwa kichwani, kimefunika makovu ya moto. Mwanamke alizunguka sana kabla ya kusema. Mwishowe akasema mwanawe huanguka, aliangukia jiko, na tangu hapo hampeleki shule kwa sababu ya aibu. Amesikia kuna mwalimu anayeanguka na bado anafundisha. Alitaka kuona kama ni kweli.

Nilimtazama nikakuona wewe. Mikono ile ile ya kushika mtoto na kumficha kwa wakati mmoja. Sikumlaumu. Niliwapikia chai, tukanywa sote, na msichana akachukua kikombe changu kwa bahati mbaya akanywa, na mama yake akashtuka, na mimi nikamwambia amwachie.

Mama, nakuaga sasa. Nisamehe kwa kutoa siri yetu, na mimi nakusamehe kwa kunipa. Aibu haijaisha. Nadhani nitatembea nayo kwa muda. Lakini nakuahidi kwamba sitamfundisha mtoto mwingine kuibeba.

Yule msichana anaitwa Adhiambo, na mama yake amekubali. Jumatatu ataketi kando ya Awino, na akianguka, darasa zima linajua la kufanya.

Lala salama, Mama.

Binti yako,
Akinyi